Mchapaji ananiuzia ISBN yake: nichukue?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbagala. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, na nina mkusanyiko wa hadithi za watoto ambao nao umekaribia. Nataka kuchapa nakala 500 za riwaya kwa hela yangu mwenyewe. Mchapaji niliyempata Kariakoo anasema kitabu bila ISBN ni kinyume cha sheria, ila yeye anazo namba zake, atanipa moja pamoja na bakodi kwa laki mbili na nusu. Kijana anayenitengenezea jalada anasema nisitoe hela, bakodi anaitoa bure mtandaoni, mradi ianze na 620 ili ijulikane ni ya Tanzania. Mwenzangu wa ofisini anasema ISBN ndiyo inayokinga kitabu kisiibwe. Nilipopeleka nakala ya mfano duka la vitabu, dada wa kaunta aliigeuza nyuma tu akasema, 'Bila namba hatupokei.' Baadaye nataka kukiweka Amazon na kukitafsiri kwa Kiingereza. Nani mkweli kati ya hawa?"

Mwalimu, hongera kwanza. Riwaya nyingi za mji huu zinafia kwenye daftari. Yako imefika kwa mchapaji. Na katika hao wanne, aliyekueleza jambo lilivyo ni dada wa kaunta peke yake. Waliobaki kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, akakiongezea chumvi yake. Naona kinachokunyima usingizi ni mambo mawili: hizo laki mbili na nusu, na hofu ya kuvunja sheria ambayo hujawahi kuiona imeandikwa.

Hofu ya sheria iondoe leo. Kuchapa kitabu bila ISBN si kosa. ISBN haitoi ruhusa ya kuchapisha, haipimi ubora wa kitabu, na anayeitoa hasomi riwaya yako kuona kama inafaa. Ni namba ya utambulisho tu. Wewe ni mwalimu, unajua ni vitabu vingapi vya Kiswahili cha Kidato cha Pili viko sokoni kwa wakati mmoja, vya wachapishaji tofauti, majalada yanafanana, na majina karibu yale yale. Mzazi akipiga simu dukani na kusema "nataka kile cha Kiswahili cha Form Two chenye jalada la bluu", muuzaji anaanza kukisia. Akitaja tarakimu 13, hakuna cha kukisia. Ni kitabu kimoja, cha mchapishaji mmoja, toleo moja, umbo moja.

Mfumo wenyewe ulizaliwa kwa shida ya namna hiyo hiyo. Miaka ya 1960 kampuni ya WHSmith ya Uingereza ilikuwa inahamishia kazi za ghala lake kwenye kompyuta, na kompyuta haielewi majina ya vitabu jinsi mwenye duka anavyoyaelewa. Profesa Gordon Foster, mtaalamu wa takwimu, akabuni namba ya tarakimu tisa. Mwaka 1970 ikawa kiwango cha kimataifa chenye tarakimu 10, na kuanzia Januari 1, 2007 zikawa 13. Ndiyo maana ukishika kitabu cha zamani, cha miaka ya themanini tuseme, utaona namba fupi, na mara nyingine inaishia na herufi X. Hiyo X si kosa la uchapaji. Inasimama badala ya 10.

Sasa tuichambue namba, kwa sababu ukishaielewa utajibu nusu ya maswali yako mwenyewe. Chukua hii, ya mfano tu: 978-9987-00-123-1. Tatu za mwanzo, 978, zinasema "hiki ni kitabu". Siku hizi ipo na 979, kwa kuwa 978 inaelekea kujaa. Zinazofuata, 9987, zinataja nchi au eneo la lugha kilikochapishiwa. Tanzania inatumia 9976 na 9987, na siku hizi 9912 pia; Kenya ina 9966, Uganda 9970. Vuta kitabu chochote cha hapa nyumbani kwenye rafu yako uhakikishe. Baada ya hapo kuna tarakimu za mchapishaji, hapa 00, kisha za kitabu chenyewe, 123, na mwisho kabisa tarakimu moja ya ukaguzi.

Hiyo ya ukaguzi naipenda, acha nikae nayo kidogo. Zichukue zile 12 za mwanzo, zidisha ya kwanza kwa moja, ya pili kwa tatu, ya tatu kwa moja, ya nne kwa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, halafu jumlisha. Kwa mfano wetu unapata 119. Tarakimu ya ukaguzi ni ile inayohitajika kufikia kumi kamili inayofuata: 119 na 1 ni 120. Basi mwisho tunaandika 1. Mtu akiandika 213 badala ya 123, jumla inakuwa 121, kompyuta inaikataa papo hapo. Wape wanafunzi wako zoezi hili siku wamechoka na sarufi. Na ujue maana yake kwako: namba ya kujitungia itakataliwa mara nyingi, na ikitokea ikakubaliwa, kuna hatari kwamba tayari ni ya kitabu cha mtu mwingine.

Rudi kwenye zile tarakimu za mchapishaji, kwa sababu ndipo mchapaji wako wa Kariakoo anapoingilia. Kiswahili kimetupa hapa zawadi ambayo watu hawaitumii. Tuna mchapaji, na tuna mchapishaji. Mchapaji anatia wino kwenye karatasi, anakata, anabana, anakupa maboksi. Mchapishaji ndiye anayeamua kitabu kitoke, anayegharimia, anayebeba hasara kikidoda. Wewe unatoa hela yako mwenyewe, umeamua mwenyewe. Mchapishaji ni wewe, Mwalimu, hata kama ofisi yako ni meza ya chakula. Na ISBN siku zote ni ya mchapishaji.

Mchapaji akikupa namba kutoka kwenye fungu lake, kitabu chako kitasoma vizuri tu kwenye mashine. Tatizo liko kwenye kumbukumbu. Zile tarakimu za katikati zinamtaja yeye. Maktaba ikitaka nakala za ziada, duka la Arusha likitaka kuagiza, mtu wa tamthilia akitaka kuongea na wenye kitabu, wote watamtafuta yeye. Hakuibii haki ya uandishi, hilo hapana. Ila amesimama mlangoni kwako, na mwaka ukipita akifunga karakana au akabadilisha simu, mlango umebaki bila mtu. Ukihamia kwa mchapaji mwingine kwa chapa ya pili, huwezi kudai kwamba namba ile ni yako. ISBN haihamishwi wala haiuzwi mtu kwa mtu kama line ya simu. Na nisimhukumu bure: wapo wachapaji ambao kweli wamejisajili pia kama wachapishaji na wanafanya kazi zote mbili kwa uaminifu. Huyo atakuwa na mkataba wa uchapishaji mkononi, wenye mrabaha na muda wake. Anayekuuzia namba peke yake, kama anavyouza rimu ya karatasi, mshukuru kwa bei ya uchapaji uachane naye kwenye hilo.

Halafu kuna uwezekano mbaya zaidi, ambao nimeushuhudia. Mwandishi mmoja aliniletea kitabu chake cha mashairi kwa furaha kubwa. Nikaingiza namba yake kwenye kompyuta, kikaja kitabu cha ufugaji wa kuku. Aliyemuuzia alikuwa ameinakili kutoka kwenye kitabu kingine, akaamini hakuna atakayeangalia. Tuliishia kubandika stika nakala kwa nakala.

Hapa Tanzania namba hizi zinatolewa na Maktaba ya Taifa, yaani Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwenye jengo la Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ni lile ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 9, 1967. Mwandishi anayejichapishia anahudumiwa kama mchapishaji mwingine yeyote. Utajaza fomu kuhusu wewe na kitabu: jina, mwandishi, umbo, idadi ya kurasa, lini kinatoka. Ada na muda wa kusubiri waulize wenyewe dirishani, na omba risiti. Usimtume dalali. Kazi hii haina haja ya dalali.

Nenda mapema, kabla jalada halijakamilika, maana namba inatakiwa ionekane sehemu mbili: nyuma ya jalada, na ndani kwenye ukurasa wa hakimiliki. Nimeona watu wamechapa kurasa zote za ndani, ndipo wakaanza kukimbizana na namba. Na kabla ya kufika kule, amua jambo dogo lenye uzito: utajiandikisha kwa jina gani la uchapishaji? Jina lako mwenyewe linatosha. Ukitaka jina la kuvutia, sawa, ila liandike vile vile kila mahali kuanzia siku hiyo, kwa sababu litakufuata. Utasikia pia kuhusu nakala za kisheria: kitabu kikitoka, mchapishaji anawasilisha nakala Maktaba ya Taifa ili zihifadhiwe. Usilione kama usumbufu. Nakala zako za nyumbani zinaweza kuliwa na mchwa. Ile ya Maktaba imewekwa makusudi ili ibaki.

Sasa kijana wa jalada na 620 yake. Hakudanganya, amechanganya. Ni kweli 620 ni kitambulisho cha Tanzania katika mfumo wa bakodi za bidhaa, ule unaosimamiwa na GS1, shirika la kimataifa la bakodi. Geuza chupa ya maji au kopo la rangi lililosajiliwa hapa, utaiona. Lakini vitabu vilipewa "nchi" yao wenyewe. Ulipokuja wakati wa kuunganisha ISBN na bakodi za dukani, wahusika waliona kitabu tayari kina namba, kwa nini kipewe nyingine? Wakatenga 978, kana kwamba ipo nchi iitwayo Nchi ya Vitabu, na ndani yake kila taifa likabaki na namba zake. Kwa hiyo Utanzania wa riwaya yako uko pale pale, kwenye 9976, 9987 au 9912, hatua moja tu ndani. Bakodi ya kitabu yenye 620 mwanzoni itakifanya kitabu kionekane kwenye kompyuta kama sabuni au unga.

Bakodi yenyewe, ambayo wengine wanaiita msimbopau, ni namba ile ile iliyoandikwa kwa mistari ili mashine isome. Haina bei ndani yake, haina jina lako, haina kurasa. Ile bei unayoiona ikitokea kwenye skrini ya kaunta inatoka kwenye kompyuta ya duka, ambako mtu aliingiza namba yako na kuandika "shilingi kadhaa" mbele yake. Ndiyo maana unaweza kubadilisha bei bila kubadilisha bakodi. Na ndiyo maana duka ambalo bado halijakiingiza kitabu chako litapiga skana na kuambiwa hakipo. Wala bakodi haijaharibika, hawajakuandikisha tu.

Hapo kijana wako yuko sahihi kwa jambo moja: ukishakuwa na ISBN halali, kuigeuza iwe bakodi ni kazi ya dakika moja, na programu za bure zipo. Mtu asikutoze kana kwamba amefua chuma. Ila mwambie akutolee faili la vekta, yaani mchoro usiopoteza ukali hata ukikuzwa, siyo picha iliyopigwa na kutumwa kwa WhatsApp. WhatsApp inabana picha, kingo za mistari zinapata ukungu, na kwenye bakodi ukungu ni maradhi. Upana wa mistari ndiyo maandishi yenyewe. Kila tarakimu inayochorwa imegawanywa vipande saba vya upana sawa, na bakodi nzima ina vipande 95. Kwa kipimo cha kawaida kipande kimoja ni milimita 0.33. Wino ukitanda kidogo tu, mstari mwembamba unasomeka kama mnene.

Kipimo hicho cha kawaida ni takriban milimita 37 kwa 26, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Unaweza kuipunguza hadi asilimia 80, yaani karibu 30 kwa 21, usishuke zaidi ya hapo hata msanifu akilalamika kwamba inaharibu uzuri wa jalada. Nafasi nyeupe za kushoto na kulia usiziguse. Mashine inazitumia kujua mistari inaanzia wapi na kuishia wapi.

Na rangi. Hapa nina kovu langu. Miaka mingi iliyopita nilisimamia kitabu chenye jalada jeupe na maandishi mekundu, nikaona vizuri bakodi nayo iwe nyekundu ifanane. Ilipendeza mno. Majalada elfu moja yakachapwa. Kumbe skana za kaunta nyingi zinatumia mwanga mwekundu, na mwanga mwekundu ukipiga wino mwekundu unaona nyeupe tupu, hakuna mistari kabisa. Wiki nzima tulikaa sakafuni tukibandika bakodi nyeusi juu ya nyekundu. Nyeusi juu ya nyeupe, Mwalimu. Usanii ufanyie upande wa mbele.

Kuhusu mwenzako wa ofisini: ISBN haikingi wizi. Haki ya uandishi unayo tangu ulipoiandika riwaya, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iwe na namba au haina, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Ukitaka ushahidi wa kukusaidia siku ya ugomvi, sajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hiyo ni ofisi nyingine na karatasi nyingine. Anayedurufu vitabu na kuvipanga kando ya barabara hazuiwi na mistari ya nyuma ya jalada. Anainakili nayo vile vile. Na kwa kuwa una hadithi za watoto: ukitamani siku moja zitumike rasmi darasani, ithibati hiyo inapitia Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo haina uhusiano na ISBN. Nasisitiza kwa sababu nimewahi kumsikia mtu akiuza ISBN kwa kudai "kitabu kitaingia shuleni".

Unahitaji namba ngapi, sasa? Kanuni ni kwamba kila umbo linalouzwa peke yake lina namba yake. Riwaya ya jalada laini, moja. Ukija kuitoa kwa jalada gumu, nyingine. Kitabu pepe utakachokiuza kupitia wauzaji mbalimbali, nyingine; kitabu cha sauti, nyingine. Tafsiri ya Kiingereza ni kitabu kingine kabisa, ina yake, na ukiichapisha hapa itabeba kitambulisho cha Tanzania ingawa imeandikwa Kiingereza. Hadithi za watoto, zake. Lakini nakala 500 zikiisha ukarudia kuchapa vile vile, namba ni ile ile, hata ukisahihisha makosa machache ya herufi au ukabadilisha picha ya jalada. Ukiongeza sura mbili au ukabadilisha jina la kitabu, hapo ni toleo jipya na namba mpya. Namba ikishatumika hairudi sokoni, hata kitabu kikiacha kuchapwa.

Kwa hesabu yako, naona namba tatu au nne ndani ya miaka miwili. Basi ukifika Maktaba waeleze mpango wako wote, usiombe kana kwamba una kitabu kimoja maishani. Hesabu ni hii: baada ya 978 na tarakimu nne za nchi na ile moja ya ukaguzi, zinabaki tano za kugawana kati ya mchapishaji na vitabu vyake. Mchapishaji mkubwa anapewa kitambulisho kifupi, cha tarakimu mbili tuseme, abaki na nafasi ya vitabu elfu moja. Mdogo anapewa cha tarakimu nne, anabaki na vitabu kumi. Kumi zinakutosha kwa miaka mingi, na vitabu vyako vyote vitakaa ndani ya kitambulisho kimoja.

Amazon nayo ina mambo yake. Kwa kitabu pepe cha Kindle hawadai ISBN. Wanakipa kitambulisho chao cha ndani. Kwa kitabu cha karatasi wanakuchapia nakala kila kinaponunuliwa, na watakupa ISBN bure ukitaka. Bure hiyo ina masharti: namba ni ya kutumika kwao tu, na mahali pa mchapishaji patasomeka kwa Kiingereza kwamba kimechapishwa kwa kujitegemea. Kwa mtu anayeuza huko peke yake, sioni ubaya. Wewe unachapa nakala 500 Dar es Salaam, na namba yao hairuhusiwi kuja Kariakoo. Kwa hiyo anza na ya Maktaba. Amazon wanakuruhusu kuingiza namba yako mwenyewe, ilimradi jina la mchapishaji lilingane na lile ulilojiandikishia.

Ungeniambia unachapa nakala 60 za kugawia ndugu kwenye sherehe ya kustaafu, ningekuambia achana na yote haya. ISBN haiuzi kitabu. Inafungua mlango wa duka na wa maktaba. Kuingia na kumshawishi msomaji kunabaki juu yako. Kwa nakala 500 na kaunta iliyokwisha kukugeuzia kitabu nyuma, ichukue.

Mambo mawili usiyamalize kwa kusoma jibu langu. Kama mchapaji ameshakusainisha karatasi yoyote yenye neno "uchapishaji" au "haki", usilipe chochote kwanza. Mpelekee mwanasheria au nenda nayo COSOTA wakusomee, kwa sababu siwezi kukushauri juu ya mkataba nisiouona. La pili ni la bakodi. Jalada likiwa tayari, mwambie mchapaji akupe moja la majaribio, kwenye karatasi ile ile na laminesheni ile ile itakayotumika, kisha lipeleke kwa yule dada wa kaunta umwombe alipitishe kwenye mashine yake. Usijaribu kwa simu tu. Kamera ya simu ina subira kuliko skana ya dukani. Skrini ikionyesha tarakimu zako 13 kama zilivyo kwenye karatasi ya Maktaba, mpigie mchapaji aanze kazi.